Dawa ya Deni ni Kulipa: Mabadiliko ya Tabianchi, Afya Yetu na Wajibu wa Mataifa Tajiri

Utangulizi

Bibi mmoja wa Ngarenanyuki, mwenye umri unaokaribia miaka 75, aliingia kliniki akiegemea fimbo, mgongo umekakamaa kiasi kwamba alipotaka kuniangalia ilimbidi ageuze mwili mzima. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Picha ya eksirei ilionyesha mifupa ya uti wa mgongo iliyokuwa mizito na iliyoanza kushikamana. Mjukuu aliyemsindikiza alipotabasamu niliona meno yenye madoa ya kahawia. Kwa daktari anayefanya kazi katika maeneo ya Mlima Meru, utambuzi huo hauhitaji muda mrefu: ni athari za madini ya floraidi yaliyojilimbikiza mwilini kwa miaka mingi kupitia maji ya kunywa.

Nilimweleza habari ya maji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu daktari, maji ya kisima kile tunajua ni mabaya. Zamani tulikinga mvua, na mfereji ulishuka kutoka msituni. Siku hizi mvua inakatika mapema, mfereji unakauka, kinabaki kisima. Sasa unaniambia nisinywe. Ninywe nini, na nani atalipa?"

Swali lake la kwanza ni la kitabibu, na majibu yake yapo, ingawa ni ya gharama. Swali la pili halimo katika vitabu vya tiba, lakini ndilo linaloamua kama majibu ya lile la kwanza yatamfikia bibi yule. Makala haya yanalishughulikia swali hilo la pili. Baada ya kuyasoma, msomaji aweze kueleza mambo matatu: kwanza, kwa njia zipi mabadiliko ya tabianchi yanaingia katika miili yetu, pili, kwa nini fedha ambazo mataifa tajiri yanatakiwa kuzitoa ni wajibu na si sadaka, na tatu, mhudumu wa afya na mgonjwa wana kazi gani katika kudai wajibu huo.

1. Kutofautisha visababishi kabla ya kudai

Daktari mwangalifu haandiki utambuzi kabla ya kutofautisha visababishi. Mtu mwenye homa anaweza kuwa na malaria, homa ya matumbo, au vyote viwili. Vivyo hivyo, si kila tatizo linalotokea wakati wa ukame au mafuriko limeletwa na mabadiliko ya tabianchi, na anayedai kupita kiasi huipoteza hata haki yake halali.

Tuanze na maji. Floraidi ya Meru haikuletwa na viwanda vya Ulaya. Imetokana na miamba ya volkano ya mlima wenyewe, nayo ilikuwapo kabla ya babu zetu kuhamia hapa. Jirani yetu hapa Makumira upo mto ambao watu waliuita Maji ya Chai kwa rangi yake, na maji yake yanajulikana kwa wingi wa floraidi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya maeneo haya huvuka kiwango hicho, vingine mara kadhaa. Hilo ni jambo la jiolojia.

Sehemu ya pili ni yetu wenyewe. Misitu iliyofyekwa, vyanzo vya maji vilivyolimwa hadi ukingoni, mitaro ya mijini iliyozibwa kwa taka, na nyumba zilizojengwa kwenye mikondo ya maji, vyote hivyo hatuwezi kumpelekea mtu mwingine hati ya madai.

Sehemu ya tatu ndiyo ya tabianchi. Mvua isiyotabirika na ukame unaorudi upesi humwondolea mwananchi uchaguzi. Maji ya mvua, ambayo kwa kawaida yana floraidi kidogo sana, yanapokosekana, anarudi kwenye kisima chenye madini mengi. Kwa hiyo ukame haukuiumba floraidi, bali umemsukuma bibi yule kuinywa. Hapo ndipo mzigo wa jiolojia na mzigo wa tabianchi vinapokutana katika mfupa mmoja.

2. Njia ambazo tabianchi huingia mwilini

Malaria. Vimelea vya malaria aina ya falsiparamu hukua ndani ya mbu kwa kasi inayotegemea joto. Joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi, vimelea huhitaji takriban siku 28 ili mbu aweze kuambukiza. Likiwa nyuzi 25, huhitaji takriban siku 12 tu. Kwa kuwa mbu wachache huishi mwezi mzima, baridi ya milimani imekuwa kinga kwa vizazi vingi vya watu wa miinuko ya Meru na Kilimanjaro. Joto likipanda hata kwa nyuzi chache, kinga hiyo hupungua, na watu wa miinuko hupata ugonjwa ambao miili yao haijauzoea.

Homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya baadhi ya mbu waenezao virusi vya ugonjwa huu hukaa katika udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri mabonde yafurike. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 ziliamsha mlipuko Afrika Mashariki. Nchini Tanzania ulianzia Mkoa wa Arusha, upande wa Ngorongoro, mapema mwaka 2007, ukasambaa mikoa mingine na kuua zaidi ya watu 100, mbali na hasara ya mifugo.

Njaa na utapiamlo. Ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi mno katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Kwa familia ya wafugaji, ng'ombe anapokufa hufa pamoja na maziwa ya mtoto, ada ya shule na nauli ya kwenda hospitali.

Mafuriko. Mwezi Aprili 2025 ulikuwa mwaka mmoja tangu Waziri Mkuu alipolieleza Bunge kwamba mafuriko na maporomoko ya msimu ule wa mvua yalikuwa yameua watu 155 na kujeruhi 236 nchini. Jijini Arusha hatukuhitaji kusomewa takwimu: mwezi huo huo wa Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji likiwa na wanafunzi, na watoto wakapoteza maisha. Baada ya maji kupungua huja awamu ya pili, nayo ni kipindupindu, vyoo vilivyofurika, dawa zilizolowa, chanjo zilizoharibika kwa sababu umeme ulikatika, na mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu aliyekaa wiki mbili bila dawa kwa kuwa daraja limevunjika.

3. Nani aliyejaza hewa gesijoto

Tangu makaa ya mawe yaanze kuendesha viwanda vya Uingereza katika karne ya 18, binadamu ameongeza hewani gesi zinazozuia joto la dunia kutoka. Hewa ukaa, iliyokuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa kabla ya mapinduzi ya viwanda, sasa imevuka sehemu 420. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka mwingine wowote uliopata kupimwa.

Mchango wa mataifa katika kujaza hewa hiyo haulingani. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu viwanda vianze. Bara zima la Afrika, lenye zaidi ya watu bilioni moja, limetoa takriban asilimia 3. Kwa mtu mmoja mmoja, Mmarekani wa kawaida hutoa takriban tani 14 kwa mwaka. Mtanzania hatoi hata nusu tani.

Hewa ukaa ina tabia moja ambayo wahudumu wa afya wataielewa kwa haraka: hailewi na kuisha kama pombe, bali hulimbikizana kama floraidi mifupani. Sehemu ya iliyotolewa na kiwanda cha miaka 100 iliyopita bado iko hewani na bado inafanya kazi. Ndiyo sababu hesabu ya deni hili haiangalii matumizi ya mwaka huu tu, bali pia yaliyokwisha kulimbikizwa.

4. Wajibu huu uliandikwa wapi

Wapo wanaodhani kwamba nchi maskini zinapotaja fedha za tabianchi zinaomba huruma. Maandishi yanasema vinginevyo.

Mwaka 1992, katika mkutano wa Rio de Janeiro, mataifa ya dunia yalianza kutia saini Mkataba wa Mfumo wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi. Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Ibara ya 3 inaweka kanuni ya wajibu wa pamoja lakini uliotofautiana, kwa kadiri ya uwezo wa kila taifa. Ibara ya 4 inayataka mataifa yaliyoendelea, yaliyoorodheshwa kwa majina, yatoe fedha mpya na za ziada, na yasaidie nchi zilizo hatarini kubeba gharama za kuhimili athari. Neno lililotumika ni la lazima, si la hiari. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 umerudia wajibu huo katika Ibara ya 9.

Mwaka 2009, huko Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kufikisha dola za Marekani bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Ahadi haikutimia kwa wakati. Kwa hesabu za shirika la nchi tajiri zenyewe, OECD, zilizofika mwaka 2020 zilikuwa takriban bilioni 83, na kiwango kilichoahidiwa kilivukwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mwezi Novemba 2024, jijini Baku, lengo jipya la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 lilipitishwa, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zimetaka trilioni 1.3. Mwaka uliofuata, jijini Belem nchini Brazili, ulitolewa wito wa kuongeza fedha za kuhimili athari angalau mara tatu ifikapo 2035.

Tukio zito zaidi kisheria lilitokea tarehe 23 Julai 2025. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililochochewa na nchi ndogo ya visiwa ya Vanuatu, ilitoa maoni yake ya kisheria kwamba mataifa yana wajibu wa kuilinda tabianchi, na kwamba taifa linalokiuka wajibu huo linaweza kuwajibishwa, ikiwemo kulipa fidia. Lakini Mahakama iliweka sharti: anayedai aonyeshe uhusiano wa kutosha, wa moja kwa moja na wa uhakika, kati ya kosa na madhara. Msomaji alishike sharti hili, tutalirudia.

5. Tarehe 3 Desemba 2023

Siku moja yatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya maandishi na maisha. Tarehe 3 Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28 jijini Dubai, dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza katika historia ya mikutano hiyo siku maalumu ya afya. Mawaziri walizungumza, na tamko la tabianchi na afya lilikuwa limeungwa mkono na zaidi ya nchi 120. Siku chache kabla yake, katika mkutano huo huo, mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulikuwa umepewa utaratibu wa kuanza kazi.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 3 Desemba, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani katika mkoa wa Manyara, ulio jirani na mkoa wetu. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai mkutanoni, aliikatisha safari yake na kurudi nyumbani.

Hapa pia tutofautishe visababishi. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji na kumeguka. Mlima, mvua na makazi, kila kimoja kilikuwa na sehemu yake. Hata hivyo wanasayansi waliochunguza mvua za vuli za mwaka huo nchini Kenya, Somalia na Ethiopia walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani lilizifanya kuwa kali zaidi, pengine kufikia mara mbili. Ahadi za mwanzo kwa mfuko ule mpya zilikuwa takriban dola milioni 700 kwa nchi zote zilizo hatarini duniani. Majeruhi wa Katesh hawakuusubiri mfuko huo. Walitibiwa na madaktari, wauguzi na wananchi wa hapa hapa, kwa bohari ya dawa ya hapa hapa.

6. Mkopo si malipo

Mtu akikuvunjia jembe, kisha akakukopesha fedha za kununua jingine, na kukutaka urejeshe pamoja na riba, je, amelipa? Swali hili si la mzaha. Kati ya fedha za umma za tabianchi zilizohesabiwa na OECD kwa mwaka 2022, zaidi ya theluthi mbili zilikuwa mikopo. Ruzuku hazikufika theluthi moja.

Mkopo wenyewe si dhambi. Mradi mkubwa wa majisafi na majitaka wa Jiji la Arusha ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na maji yake yanasaidia kuwaondoa watu kwenye vyanzo vyenye floraidi nyingi. Mradi unaoingiza mapato unaweza kujilipia. Lakini zahanati inayoinuliwa msingi ili isifurike, tangi la maji ya mvua la wodi ya wazazi, au mafunzo ya kutambua mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa, hayazalishi mapato ya kurejesha deni. Yanazalisha watu walio hai. Kazi za namna hiyo ndizo zinazohitaji ruzuku, nazo ndizo zinazopata kidogo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2023 kwamba nchi zinazoendelea zinahitaji kati ya dola bilioni 215 na 387 kila mwaka katika muongo huu ili kuhimili athari. Zilizofika kutoka nje kwa kazi hiyo mwaka 2022, kwa upande wa fedha za umma, zilikuwa takriban bilioni 28. Katika fedha za mifuko ya kimataifa ya tabianchi, sekta ya afya hupata chini ya asilimia 2.

Tanzania yenyewe, katika mchango wake wa kitaifa uliowasilishwa mwaka 2021, ilitaja mahitaji ya takriban dola bilioni 19 ili kutekeleza mipango yake hadi 2030. Sekta ya afya ilikuwa na mpango wake wa kuhimili athari wa 2018 hadi 2023. Mipango tunayo. Kinachokosekana ni malipo.

7. Hoja tatu za upande wa pili

Hoja ya kwanza ni kwamba fedha zikija zitaliwa. Ni hoja ya kweli, na mwananchi ana haki ya kuiuliza kwa sauti. Lakini ubadhirifu ni sababu ya kudai ukaguzi, haufuti deni. Isitoshe, mfano mwema tunao jirani. Katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, kwa msaada wa Uingereza, ulifanyiwa majaribio utaratibu wa kupeleka fedha za tabianchi hadi ngazi ya wilaya, na kamati za wananchi zikachagua wenyewe miradi, hasa ya maji na mifugo. Kenya ilikuwa imeanza na utaratibu wa aina hiyo Isiolo. Mwananchi anayeijua bei ya bomba hadanganywi kirahisi kuhusu bei ya bomba.

Hoja ya pili ni kwamba mataifa yaliyohesabiwa kuwa yanayoendelea mwaka 1992, kama China na nchi za Ghuba, leo yana viwanda na utajiri mkubwa. Hoja hii ina uzito, na ni haki kuyataka nayo yachangie. Hata hivyo kuongezeka kwa mdaiwa mpya hakumwachii huru mdaiwa wa zamani.

Hoja ya tatu ni kwamba nchi tajiri nazo zina maskini wao. Ni kweli, na serikali hubadilika. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza kujitoa tena katika Mkataba wa Paris na kuondoka katika bodi ya mfuko wa hasara na uharibifu. Tukio hilo linatufundisha kwamba wajibu wa kisheria bila shinikizo hulala. Halitufundishi kwamba wajibu haupo.

8. Kumbukumbu ya Wameru

Watu wa mlima huu wanayo historia ya kudai haki mbele ya dunia. Mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafugaji. Nyumba zilichomwa, mifugo ikapotea. Wameru walichangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, alisimama nao. Baadaye wawili hao waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kilichotoka mwaka 1967.

Umoja wa Mataifa haukuamuru ardhi irudishwe. Lakini malalamiko yale hayakubaki kuwa manung'uniko ya kijijini, kwa sababu yaliwekwa katika maandishi: nani aliondolewa, wapi, lini, na alipoteza nini. Nilipomweleza bibi yule habari ya wajibu wa mataifa tajiri, hakushangaa. "Baba yangu alichanga nauli ya Kirilo," alisema. "Lakini Kirilo alikwenda na karatasi. Sisi karatasi yetu iko wapi?"

9. Daftari la zahanati ni hati ya madai

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sharti la Mahakama, la kuonyesha uhusiano kati ya chanzo na madhara, haliwezi kutimizwa na wanasheria peke yao. Linahitaji kumbukumbu za miaka mingi: mvua ilinyesha kiasi gani, wagonjwa wangapi wa kuhara walikuja wiki iliyofuata, malaria imepanda hadi mwinuko upi. Kumbukumbu hizo zinaanzia katika vitabu vya MTUHA, mikononi mwa muuguzi wa zahanati ambaye hajawahi kualikwa Dubai wala Baku.

Kwa mhudumu wa afya, mambo haya yanawezekana bila kusubiri mfadhili:

Jaza vitabu vya MTUHA kwa ukamilifu, hasa kijiji anachotoka mgonjwa. Neno "Arusha" peke yake halimsaidii mtafiti; "Ngarenanyuki" humsaidia.

Andika tarehe za mafuriko, ukame, kukatika kwa umeme na kuharibika kwa chanjo katika kumbukumbu za kituo, pamoja na gharama ya kilichopotea.

Toa taarifa mapema ya mimba za mifugo kuharibika kwa wingi, na wasiliana na ofisa mifugo. Homa ya Bonde la Ufa mara nyingi huonekana zizini kabla ya wodini.

Wakati wa kuandaa mpango wa kituo na wa halmashauri, wekeni mahitaji ya tabianchi kwa jina na kwa bei: tangi, paa la kukinga mvua, umeme wa jua wa jokofu la chanjo. Mfuko wowote wa kimataifa huuliza andiko kabla ya kutoa fedha.

Kwa mgonjwa na familia, hasa wa maeneo yenye floraidi:

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, kiwango chake huongezeka. Maji safi ya mvua ni bora, hasa kwa watoto wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga. Yakiwa machache, wapewe wao kwanza, kwa kunywa na kwa kupikiwa.

Punguza matumizi ya magadi katika chakula, kwa kuwa magadi ya maeneo haya huweza kuwa na floraidi nyingi.

Uliza kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, si mbali na hapa, kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa njia hiyo. Kichujio kibadilishwe mkaa kwa wakati, la sivyo huacha kufanya kazi ilhali maji yanaonekana safi.

Hudhuria mkutano wa kijiji. Uliza fedha za maji na za mazingira zimekuja ngapi, zimefanya nini, na risiti iko wapi. Anayedai haki Geneva na New York lazima aizoee kuidai kwanza kijijini.

Hitimisho

Bibi yule aliondoka na dawa za maumivu, mazoezi ya mgongo na barua kwa mtendaji wa kata kuhusu kisima. Mgongo wake hautanyooka tena. Hilo nilimwambia, kwa kuwa mgonjwa ana haki ya ukweli. Meno ya mjukuu nayo hayatarudi kuwa meupe yenyewe. Lakini mifupa ya mjukuu bado inaweza kuokolewa, na tangi la maji ya mvua litakaloiokoa lina bei inayojulikana. Sehemu ya bei hiyo ni yetu, na tuilipe. Sehemu nyingine ni ya wale waliojaza hewa gesijoto kwa miaka 200 na kutia saini kwamba watasaidia. Dawa ya deni ni kulipa, na kazi ya mdai ni kutunza daftari.

Maswali ya kujadili kituoni na kijijini

1. Katika tatizo moja la afya mnalolijua hapa kwenu, sehemu gani imetokana na asili ya eneo, ipi na matendo yetu, na ipi na mabadiliko ya tabianchi?

2. Kituo chenu kilipoteza nini katika mafuriko au ukame wa mwisho, na je, hasara hiyo iliandikwa mahali popote?

3. Kama ruzuku moja tu ingefika kijijini kwenu mwaka huu, mngeitumia kwa kazi ipi, na nani angeikagua?